Wali Mweupe wa Kapteni Chuchumaa

Siku Kapteni alipoanguka, askari waliingia jikoni kwangu na bunduki, wakaonja kila kitu.

Walionja wali. Walionja mchuzi wa nyanya. Mmoja alilamba hata mwiko.

Wakatafuta sumu mpaka kwenye jivu la jiko. Hawakuipata, kwa sababu haikuwepo.

Na bado ni mimi niliyemwangusha.

Naandika haya mwenyewe kwenye simu kwa kidole kimoja, miwani puani, kwa hiyo makosa mnisamehe. Nimechoka kusikia watu wakisema wanawake wa zamani walikaa kimya wakalia tu. Tulilia, ndiyo. Lakini tulikuwa pia na jiko.

Naitwa Taaka, wa Sikuda, Busia upande wa Uganda. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Ukionekana umeoga ukanukia vizuri, jirani anakuuliza umeitoa wapi.

Mume wangu Mangeni aliitoa Kenya. Alikuwa na baiskeli, anapeleka kahawa ng'ambo, anarudi na sabuni na chumvi. Magendo, ndiyo. Kila mtu Busia alikula magendo, hata waliokuwa wanatukamata.

Tulikuwa na binti mmoja, Nabwire, bado ananyonya. Nilimpenda huyo mwanamume. Niseme tu ukweli, nilimpenda vibaya.

Halafu akaja Kapteni.

Jina lake halisi sitaliandika, halistahili simu yangu. Sisi tulimwita Kapteni Chuchumaa. Aliweka kizuizi barabarani, na kila mfanyabiashara aliyepita hapo aliambiwa neno moja tu: "Chuchumaa!"

Unachuchumaa kwenye jua, mikono masikioni, mpaka yeye achoke kukutazama. Na alikuwa na maringo. Alipenda kutuonyesha yeye mwenyewe jinsi ya kufanya. Anashuka mpaka chini, anainuka kama kijana wa kucheza ngoma, anacheka. "Nyinyi watu ya hapa hapana nguvu ya miguu! Tazama mimi!"

Siku waliyomkamata Mangeni, nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara, Nabwire mgongoni. Walimchuchumaza toka asubuhi. Jua lilipofika utosini miguu ikamfa. Akainuka bila ruhusa.

Alipigwa kitako cha bunduki, akatupwa nyuma ya gari. Gari likaelekea kwenye mabwawa ya mto Sio.

Jirani yangu Hajarah, mama wa Kiislamu ambaye familia yake ilikuwa na malori kabla hayajachukuliwa, alinishika mkono nisikimbilie gari. Akaninong'oneza, "Mwangalie yule anayeendesha. Anaitwa Ojulong, mtu wa wilaya ya Kumi. Usisahau uso wake."

Sikusahau. Gari lilirudi bila Mangeni. Ojulong alishuka ameshika shati la mume wangu, lina damu, akamwonyesha Kapteni. Kapteni akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Hapo ndipo nilipoapa. Sikuapa kwa Mungu, niliona aibu kumwingiza Mungu kwenye mambo yale. Niliapa kwa Nabwire.

Nilitaka Kapteni achuchumae na asiinuke tena. Na huyo Ojulong naye afe, kama Mungu ana nafasi.

Basi ikatokea kwamba Kapteni anatafuta mpishi. Alikuwa anakaa kwenye nyumba nzuri ya Mhindi aliyefukuzwa, na mpishi wake wa kwanza alikuwa ametoroka. Alitaka mwanamke anayejua kupika wali. Hajarah ndiye alikuwa amenifundisha wali, wa punje moja moja. Hajarah ndiye aliyenipendekeza.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Mama Hajarah, nina hakika kuliko siku ya ndoa yangu."

Siku ya kwanza nilikwenda na kichupa cha dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, nimekificha chini ya kitambaa kwenye kikapu. Kwa woga nilijikata kidole na kisu cha vitunguu.

Nilijiambia nitaimwaga kwenye mchuzi dakika ya mwisho, mlangoni. Namshukuru Mungu mlangoni niliogopa, nikapita bila kuimwaga. Nilipofika mezani Kapteni akanisukumia kijiko.

"Onja."

"Afande?"

"Wewe mama, onja kwanza. Mimi nasimama hapa natazama wewe. Kila siku wewe naonja."

Nikaonja. Kichupa kikabaki kwenye kikapu, jioni nikakimwaga chooni huku nalia kwa hasira. Kumbe mtu mwovu anajijua. Anajua watu wangapi wanataka afe.

Nilikaa wiki kadhaa nikimlisha tu, nimeshindwa. Hebu fikiria, unampakulia chakula mtu aliyeua mume wako, unamwambia "karibu afande," na yeye anabeua.

Halafu nikamkumbuka Elinah.

Elinah alikuwa mwalimu wa afya kutoka Mwello. Kabla mambo hayajaharibika kabisa, alikuwa anapita kwa baiskeli kutufundisha wanawake chini ya kivuli cha kanisa. Alikuja na chakula halisi, hakuja na picha. Ulezi, kunde, karanga, dagaa wakavu, na kiganja cha mchele mweupe.

Alitwambia, "Vitamini huioni, huinusi, huionji. Ni kidogo sana kwenye chakula. Lakini ikikosekana, mwili unazimika taratibu, na mwenyewe hajui kwa nini."

Akachukua ule mchele. "Huu umekobolewa mpaka unang'aa. Vitamini B ilikuwa kwenye lile ganda jembamba, nayo imekwenda na pumba. Kuku ndio wameila. Na wewe ukiuosha na kuuosha, ukaupika kwa maji mengi ukayamwaga, hata kile kidogo kilichobaki umekimwaga. Mtu akila wali huu mtupu na kunywa pombe juu yake, miezi si mingi, miguu inakufa ganzi, inavimba. Mwambie achuchumae. Hatainuka."

Wanawake tulicheka. Nani kwetu angekula wali mtupu kila siku? Wali ulikuwa wa Krismasi.

Nikiwa nimesimama pale jikoni kwa Kapteni, mkono ndani ya gunia la mchele alioupora kwa wafanyabiashara, sauti ya Elinah ikanirudia neno kwa neno.

Hatainuka.

Haki ya nani, nilikaa chini kwenye sakafu nikacheka peke yangu.

Kwa sababu atanionjesha nini? Mtu anaonja kilichomo. Nani anaweza kuonja kisichokuwemo?

Na msidhani nilimlazimisha. Mara ya kwanza nilimpikia kunde, akarusha sahani. "Hii majani napeleka kwa mbuzi! Mimi hapana mbuzi!" Ulezi akasema ni chakula cha washamba. Maharagwe akasema yanampigia ngoma tumboni.

Nyama alikula mwanzoni. Lakini askari wake walikuwa wanachukua nyama bila kulipa, kwa hiyo wachinjaji wakafunga vibanda, wakaenda kulima. Wavuvi nao walipoona samaki wanaishia kizuizini, wakauza Kenya. Watu wa Kiyeyi waliokuwa wanaleta karanga walinyang'anywa magunia, nao wakakata mguu.

Kila alichopora kilitoroka. Kikabaki kile kilichokuwa tayari ndani ya stoo yake, mchele mweupe, unga mweupe, sukari nyeupe, na waragi, ile pombe kali ya kwetu.

Mimi nilisaidia tu kidogo.

Niliosha ule mchele mpaka maji yanakuwa safi ya kunywa. Niliuchemsha kwa maji mengi, nikayachuja yote. Maji yale yenye nguvu nilibeba kwenye mtungi nikawapa mbuzi wangu. Wakanenepa, watu wakaniuliza nawalisha nini.

Siku moja Kapteni aliuliza, "Mama, karanga iko wapi? Mimi napenda ile mchuzi ya karanga."

Nyumbani nilikuwa na debe zima, nimelima mwenyewe.

"Afande," nikasema, "karanga zimekwisha Busia nzima."

Nikampikia wali, punje moja moja. Nikaonja mbele yake. Akala, akanisifu. Jioni nikaenda nyumbani nikala ulezi na kunde mimi na mwanangu, tukashiba.

Miezi ikapita.

Kwanza alianza kukosa hamu ya kula. Akaongeza waragi. Halafu akaanza kulalamika kwamba sisimizi wanamtembea nyayoni, na hakuna sisimizi. Viatu vikambana. Akaacha kufunga kamba.

Mimi nilikuwa natazama kitu kimoja tu. Kiti. Zamani aliinuka kitini bila kugusa kitu. Sasa alishika meza. Baadaye akashika meza na mlango. Kule kizuizini bado alipiga kelele "Chuchumaa!" lakini kutuonyesha alikuwa ameacha. Alikaa kwenye kiti kirefu, anaamuru.

Nilifurahi. Sitawadanganya. Kila aliposhika ile meza nilisikia raha kama mtu aliyekunwa mgongo.

Lakini Kapteni hakuwa mjinga kabisa. Alijua anaumwa, akaanza kutafuta nani anamroga. Mimi aliniona naonja kila siku. Lakini nani, akimaliza kuendesha gari, alimbebea sahani kutoka jikoni mpaka mezani?

Ojulong.

Walimkamata asubuhi moja, wakamfungia stoo, juu ya yale magunia ya mchele. Kapteni akatangaza kwamba kesho yake atampiga risasi kizuizini, mbele ya wafanyabiashara wote, ili uchawi uishe.

Mtu mwenye roho nzuri angesikitika. Mimi nilisema moyoni, Nasaye, Mungu wangu, asante. Umenipa wote wawili kwa chungu kimoja.

Mchana nilitumwa nimpelekee maji. Nilitaka kwenda. Nilitaka anione, ajue ni nani, kabla hajafa.

Nikaweka kopo chini. Nikasema, "Mimi ni mke wa Mangeni. Mangeni wa baiskeli. Mlimwacha wapi? Niambie mwili uko wapi nikauzike."

Yule mwanamume akainua uso.

"Mama," akasema, "mwili gani? Mume yako hapana kufa."

Nikamzaba kofi. Mikono yake ilikuwa imefungwa, nami nikamzaba. Kufanyia mzaha mfiwa!

Hakukasirika. "Pale mto Sio mimi nasimamisha gari. Nasema, kimbia Kenya, usirudi. Mimi nasikia umerudi, sisi wawili tumekwisha. Yeye natoa shati, mimi napaka damu ya pua yake, napelekea Kapteni. Mama, naapa kwa watoto yangu kule Kumi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Mimi nauliza yeye. Nasema, taja jina ya mke, nitapeleka habari polepole. Yeye nasema hana mke."

Nilitoka pale, kopo nikaliacha.

Nikajiambia, labda alikuwa ananilinda. Si ndiyo? Mtu hamwambii askari jina la mke wake. Angefanyaje? Njia nzima nilimtetea. Moyo wa mwanamke aliyependa unajua kutafuta sababu.

Mchana huohuo nikamwachia Hajarah mtoto, nikavuka na wanawake waliokuwa wanakwenda kununua chumvi, kwa njia ya mashambani. Busia ya Kenya si mbali. Unaweza kusikia jogoo wao.

Sikutafuta sana.

Alikuwa amekaa mbele ya duka la sabuni, amenenepa, ana shati jipya. Mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa anampakulia samaki na mboga za kienyeji, za kijani kabisa, na yeye anamtania, wanacheka.

Nikamuuliza muuza nyanya, "Samahani dada, yule bwana ni nani?"

"Yule? Ni Mangeni, shemeji yetu. Alikuja hapa hana hata shati, maskini. Akasema kwao Uganda hana mtu, wote walikufa. Amemwoa Goretti."

Wote walikufa.

Nilikuwa nyuma ya rundo la nyanya, hakuniona. Nilitaka kwenda kumrukia. Lakini nikamtazama anavyokula zile mboga, nikasema, kula, baba. Kula vizuri.

Nilitoka nyumbani nikitaka Ojulong afe na Mangeni awe hai. Nilirudi nimebadilisha majina.

Kesho yake kizuizi kilijaa. Walichuchumazwa wote, wanaume kwa wanawake, Hajarah akiwa mbele. Ojulong aliletwa amefungwa kamba, akawekwa katikati. Kapteni alikuwa kwenye kiti chake kirefu, bastola mapajani, waragi tayari kichwani.

Mimi nilikuwa nimemletea chai.

"Chuchumaa!" akamfokea Ojulong.

Ojulong akachuchumaa.

Kapteni akainua bastola. Nikajua nikinyamaza, askari pekee aliyetufanyia wema mwaka ule anakufa kwa sababu ya wali wangu.

Nikaweka chai chini. Nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Afande, huyu mtu anakudharau."

"Nini?"

"Tazama anavyochuchumaa. Amelegea. Afande, zamani ulikuwa unatuonyesha mwenyewe, tunashangaa nguvu zako. Siku hizi watu wanasema maneno."

"Nasema nini?"

Nikashusha macho kama mwanamke mwenye adabu. "Wanasema afande hawezi tena."

Askari wakageuza nyuso.

Uso wake ukawa mweusi kwa hasira. Akampa askari bastola. Akashika kiti, akasimama. Akatembea hatua chache, viatu vinaburuta, akasimama mbele yetu wote.

"Nani nasema hivyo? Tazama! Tazama mimi!"

Akaweka mikono masikioni. Akashuka.

Akafika chini.

Akatabasamu, jasho linamtoka. Halafu akataka kuinuka.

Nikaona mapaja yanatetemeka. Akajaribu tena. Akaweka mkono mmoja chini, akasukuma. Akaweka na wa pili. Akabaki pale, mikono na miguu kwenye vumbi, anahema.

"Saidia," akasema, sauti ndogo sana.

Askari wakatazamana. Nani atamgusa? Akikumbuka baadaye kwamba ulimwona hivyo, umekwisha.

Ndipo Hajarah akasimama.

Hakuruhusiwa na mtu. Alisimama tu, akakung'uta gauni lake. Mzee mmoja nyuma yake akasimama. Halafu mwingine. Halafu wote, magoti yanalia kama kuni kavu, barabara nzima ikasimama.

Akabaki yeye peke yake amechuchumaa.

Nilimtazama machoni. Alinitazama. Sijui kama alielewa. Natumaini alielewa.

Askari walipoanza kumbeba kumpeleka garini, vurugu ikaingia, kila mtu na mzigo wake mbio. Hajarah alikata kamba ya Ojulong kwa kisu chake cha kumenyea ndizi. "Nenda kwa watoto wako," akamwambia. Alitoweka mashambani, na baadaye sana tulipata habari kwamba alifika Kumi.

Mimi sikukimbia. Nilirudi jikoni nikangoja. Ndipo walipokuja kuonja.

"Mama, ulimpa nini Kapteni?"

"Alichotaka."

"Alitaka nini?"

"Wali mweupe. Mboga alisema ni za mbuzi. Waulizeni askari wote, sahani aliirusha mbele yao."

Na kweli, wote walikuwa wameona. Walikula ule wali uliobaki, wakalamba vidole, wakaniacha.

Huko hospitalini Tororo, tulisikia, daktari alimpiga sindano za vitamini, akaagiza alishwe kunde, maharagwe na ulezi. Alikula majani kama mbuzi, miezi. Hakufa. Lakini alitembea kwa fimbo, na Busia hakurudi. Jeshi lile lilipofukuzwa, mwaka wa sabini na tisa, alikimbilia huko alikokimbilia, akichechemea.

Sijutii. Wengine wataandika hapa chini kwamba ningemwachia Mungu. Sawa, andikeni. Mume alikuwa wa nani?

Ah, mume.

Mipaka ilipofunguka Mangeni alirudi. Niliwaambieni nilimwacha anakula. Alikuja na shati lake la Kenya, machozi tayari, na hadithi ndefu ya mateso gerezani. Nabwire akamwamkia kama mgeni, kwa sababu alikuwa mgeni.

"Mama Nabwire," akasema, "nimekuwa nikikufikiria kila siku."

Nikasema, "Kaa, baba. Umechoka. Nikupikie."

Niliosha mchele mpaka maji yakawa safi. Nikauchemsha kwa maji mengi, nikayachuja. Nikampakulia sahani imejaa, nyeupe, inang'aa, haina kitu kingine.

Akaitazama. Akaniuliza, "Mboga iko wapi?"

"Mboga anapikiwa mtu mwenye mke," nikamjibu. "Wewe ulimwambia Ojulong huna."

Kijiko kikasimama hewani. Kufikia wakati ule Hajarah alikuwa ameshalisimulia soko zima habari ya wali wa Kapteni, na soko la Busia halina mpaka. Alinitazama mimi, akatazama sahani, akanitazama tena.

Aliinuka haraka sana. Miguu yake ilikuwa bado mizima.

Mwanangu uliyesoma mpaka hapa, somo langu ni fupi. Unaweza kuchunguza kila kilichowekwa kwenye sahani yako, ukaonjesha na mpishi, na bado usiwe salama. Tazama pia kile ambacho hakipo. Jiulize ni nani alikiondoa. Halafu jiulize wewe ulimfanyia nini.